Stendi ya kupe yenye roli nne: inunulie mbuzi, swala waache

Kwa mwenye haraka: stendi hii, kifaa cha kulishia mahindi kinachompaka mnyama dawa ya kupe anapokula, ni nzuri kwa mbuzi na ndama, haifai kwa ng'ombe wa Ankole, na kwa swala na pundamilia, ambao ndio waliochorwa ubavuni mwake, ni pesa ya kumwaga. Anayetaka sababu aendelee kusoma, maana nimekaa nayo shambani kiangazi na masika na nina mengi ya kusema.

Niko Kiruhura, magharibi mwa Uganda, upande wa Sanga. Ng'ombe nilirithi kwa baba, Kiswahili nilipewa na jeshi, na tangu nistaafu vyote viwili navitumia kila siku, kwa sababu wachungaji wangu mmoja ametoka Karagwe na mwingine Kongo. Kati ya shamba langu na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo yapo mashamba mawili ya watu na hakuna uzio wa maana. Kiangazi kikikaza, swala wanashuka kunywa kwenye bwawa langu, pundamilia wanamaliza majani ya ng'ombe, na mara mojamoja nyati anapita usiku. Wanakuja na kupe, wanaondoka na kupe. Kwa hiyo fundi mmoja wa kuchomelea mjini Mbarara alipoanza kusambaza kwenye simu zetu picha za "mashine ya kupaka swala dawa", wafugaji wa huku tulizitazama kwa hamu. Bei ni shilingi 680,000, usafiri juu yako.

Chenyewe ni kitu rahisi. Katikati limesimama pipa la bati la kumimina mahindi mazima. Chini yake, kulia na kushoto, kuna vihori viwili vidogo ambamo punje zinashuka zenyewe kadiri zinavyoliwa. Kwenye kila kihori zimesimama nondo mbili, na kila nondo imevalishwa roli, zile zile za kupakia rangi ukutani. Roli unazilowesha dawa ya kupe. Mnyama akiyataka mahindi lazima apitishe kichwa katikati ya roli mbili, na kila anapoinama na kuinuka anajipaka dawa masikioni, kichwani na shingoni. Hakuna kumkimbiza wala kumfunga kamba.

Fundi anasema ameibuni mwenyewe. Sina ugomvi naye, mtu lazima auze, lakini wazo lilizaliwa Kerrville, Texas, ambako watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walitengeneza kifaa cha namna hii miaka ya 1990 kwa ajili ya kulungu wa mkia mweupe, wale wanyama wa kwao wanaofanana na swala ila pembe zao huanguka kila mwaka na kuota upya. Nalitaja hili kwa sababu ukijua kilitengenezewa wapi na kwa adui gani, utajua kwa nini hapa kwetu kinafanya nusu ya kazi.

Adui wao mkubwa ni kupe mwenye miguu myeusi, anayewapa watu ugonjwa wa Lyme. Jina limetokana na mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, ambako katikati ya miaka ya 1970 watoto wengi walianza kuvimba viungo na madaktari wakashindwa kuelewa. Vijidudu vyenyewe kupe mchanga anavipata hasa kwa panya. Lakini kupe akishakomaa panya hamtoshi, anamtafuta mnyama mkubwa wa kumnyonya damu ya mwisho na kupandana, kisha jike anadondoka na kutaga mayai kwa maelfu. Na katika misitu ile ya mashariki ya Marekani, mnyama mkubwa wa kutegemewa karibu ni mmoja tu, kulungu. Ukimpaka kulungu dawa umewashika kupe wote wakubwa mlangoni. Walifanya majaribio makubwa katika majimbo matano ya kule kaskazini-mashariki kwa miaka kadhaa, na kupe wachanga majanini wakapungua kwa wastani wa asilimia 71 hivi. Ni kazi nzuri, sitaibeza.

Sasa njoo Kiruhura. Kupe anayetumaliza ni yule wa kahawia wa masikioni, anayeleta ndigana kali, ambayo Waganda wanaiita amakebe. Huyu anabadilisha mnyama mara tatu katika maisha yake: anapototolewa ana mnyama wake, akikua kidogo anamtafuta mwingine, akikomaa anampata wa tatu. Na hapa kwetu wa kuchagua wapo tele. Kuna ng'ombe, mbuzi, swala, pofu, kuro, nyati, ngiri, mpaka sungura. Ukimpaka dawa mmoja, kupe anahamia kwa jirani yake. Isitoshe, anayebeba vimelea vya ndigana mwilini bila kuugua, pamoja na ng'ombe waliopona, ni nyati. Swala anabeba kupe, lakini chimbuko la ugonjwa si yeye. Nilimuuliza fundi kama stendi yake inaweza kumpokea nyati. Akacheka, nami nikacheka, biashara ikaendelea.

Basi nianze na mbuzi, kwa sababu hapa ndipo pesa yangu iliporudi.

Stendi niliiweka pembeni ya zizi la mbuzi, juu ya mawe bapa ili miguu isioze kwa tope. Mbuzi hawakuhitaji kufundishwa. Beberu alinusa roli akapiga chafya, akarudi nyuma, kisha akasikia punje zinashuka kihorini na mambo yakaisha. Baada ya hapo kazi ikawa kuwazuia wasiipande. Mbuzi wangu wamekipinda kifuniko cha pipa kwa kulala juu yake, na maji ya mvua yakapata njia ya kuingia. Mahindi yakilowa ndani ya bati la moto yanafanya ukungu, na mahindi ya ukungu ni sumu kwa mnyama kama ilivyo kwa mtu. Nililitoa gunia zima la punje nikalizika. Ukinunua, mwambie fundi akuwekee kifuniko cha mteremko mkali, mbuzi asipate pa kukanyaga, na akilaze nje ya ukingo wa pipa kwa upana wa kiganja.

Jambo la pili kwa mbuzi ni wingi wa mahindi. Mbuzi aliyezoea kula vichaka akifungiwa mahindi makavu bila kipimo anaharibika tumbo, anavimba, anaweza kufa. Stendi ina kibati cha kusogeza kinachopunguza mlango wa punje, lakini kinashikwa na skrubu moja tu na mbuzi wanakifungua kwa kukitikisa. Mimi nimekifunga kwa waya na ninamimina kipimo cha asubuhi tu, kikiisha kimeisha. Kuna jirani alijaribu kutumia pumba badala ya punje ili apunguze gharama. Pumba hazishuki, zinagandamana mlangoni na mnyama analamba bati.

Kuhusu kupe wenyewe: masikio yamesafika. Hilo nalisema bila kusitasita. Kupe wa kahawia wakubwa wanapenda kukaa ndani ya sikio, na pale pale ndipo roli inapogusa, kwa hiyo kwa kupe huyu kifaa hiki ni kama kilitengenezwa Ankole. Chini ya mkia na kwenye viwele hali ilibaki karibu ilivyokuwa, na katikati ya kwato, ambako kupe wakijazana mbuzi anachechemea, hakuna roli itakayofika. Bado nanyunyizia, lakini si mara nyingi kama zamani, na kijana wangu hasumbuki tena kuwakamata mbuzi mmojammoja na kuwabana masikio.

Sasa dawa, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo tangazo linaweza kukuulia mifugo.

Fundi anakwambia uchukue dawa yoyote ya kunyunyizia, uichanganye na oli chafu ya gari "ili ishike", upake. Usifanye hivyo. Oli chafu inachoma ngozi, mnyama anailamba, na wewe unayekunywa maziwa na kula nyama unaimalizia. Dawa za kunyunyizia za amitraz, zile ambazo wengi wetu tunazitumia sasa, zikishachanganywa na maji zinapoteza nguvu upesi. Ndiyo maana daktari anakwambia changanya, tumia, mwaga kilichobaki. Roli iliyoloweshwa leo na kuachwa juani wiki nzima inakuwa kitambaa kichafu tu. Kinachofaa kwenye roli ni dawa ya mafuta, ile ya kumimina mgongoni, inayosambaa yenyewe kwenye ngozi. Hata Wamarekani walitumia ya mafuta, yenye permethrin asilimia 10.

Tatizo ni kwamba permethrin na nyingi ya hizi dawa za kumimina ni ukoo mmoja, wa pareto ya kiwandani, na kupe wetu wameshaizoea. Watafiti wa Makerere walichapisha mwaka 2016 kwamba sehemu kubwa ya kupe waliowapima katika mashamba yenye shida walikuwa hawafi tena kwa ukoo huo, na wengine walikuwa wamezoea dawa za koo mbili au zaidi. Sababu tunaijua wenyewe: kuchanganya kwa macho, kubadilisha chupa kila mwezi, na wengine kuchukua dawa ya nyanya kumwagia ng'ombe. Kwa hiyo kabla hujanunua stendi, mwite daktari wa mifugo akusanye kupe wako wakapimwe. Kwangu ilionekana kwamba kupe wa bluu, aina nyingine ya huku, hawashtuki kabisa, ila wa masikioni bado wanakufa kwa flumethrini, ambayo ni ya ukoo huo huo, na ndiyo niliyoweka. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliweka hiyo hiyo na hakuona tofauti. Usinunue stendi kwa sababu ilifanya kazi kwangu.

Uwe na glavu, na stendi ikae mbali na watoto. Roli inavutia mtoto, anaizungusha, anaramba vidole. Yangu imezungushiwa miti kwa upande wa nyumba.

Kwa ndama sina mengi. Ndama wangu chotara wa Friesian, waliochomwa pembe mapema, wanaingiza kichwa bila shida, na umri huo ndio ndigana inapowavuna. Fundi anaweza kukuinulia vihori akipewa vipimo, hatozi zaidi. Ila mjue stendi haichukui nafasi ya chanjo ya Muguga, ile ya ndigana kali. Mwenye uwezo achanje kwanza, ingawa hata nayo, sisi tunaopakana na nyati hatulali fofofo, kwa sababu vimelea vya nyati wakati mwingine vinaipita.

Ng'ombe wa Ankole wakubwa: hapana. Nafasi kati ya roli mbili inamtosha kulungu wa Texas. Ng'ombe wangu ana pembe ambazo mtu mzima akinyoosha mikono miwili hafiki ncha. Atapitisha wapi? Aliyejaribu ni dume langu jeupe. Alisimama mbele ya stendi akaitazama kwanza upande mmoja, kisha upande mwingine, halafu akaingiza pembe moja chini ya kihori na kukiinua chote, pipa na mahindi na roli, akaenda nacho hatua kadhaa mpaka kikaanguka. Mchungaji wangu akaniambia, "Afande, huyu amekubali dawa." Kiungo kimoja kilikatika, na nikakigundua kuwa kilishikwa kwa matone mawili tu ya kuchomelea, hakikuzungushwa. Nitarudi kwenye uchomeleaji.

Nije kwa swala, maana hao ndio picha.

Kabla ya lolote nilimpigia askari wa wanyamapori tunayefahamiana. Aliniambia nilichokitegemea: kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, swala anayekula shambani kwako bado ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kumpaka kemikali ni jambo la kuomba ruhusa kwa maandishi, si la kuamua na fundi. Akaongeza kwamba mahali penye mahindi ya bure usiku ndipo mwenye mitego naye anapokuja kukaa. Kwa hiyo sikuweka dawa. Nilichofanya, nilikoroga udongo mwekundu wa kichuguu na maji mpaka ukawa mzito, nikaulowesha kwenye roli, stendi nikaihamishia karibu na bwawa, nikaiacha. Atakayekuja na masikio mekundu nitajua alikula.

Wa kwanza kuwa mekundu walikuwa tumbili, viganjani. Hawakuingiza kichwa popote, walipenyeza mkono chini ya roli na kuchota. Wakafuata nyani, na nyani hawachoti. Nyani dume alikaa juu ya pipa kama mwenye duka, akang'oa kifuniko. Kanga walizunguka chini wakiokota zilizomwagika, wasafi kabisa. Ngiri walipiga magoti mbele ya kihori kama wanavyokula majani, na roli ziliwapaka mgongo, kwa hiyo kama una shida ya kupe wa ngiri basi umepata dawa. Pundamilia mmoja alionekana na wekundu kwenye paji. Swala walikunywa maji, wakaitazama stendi kwa mbali na kwenda zao. Kiangazi kilipozidi walisogea wachache, majike, na nilipowaangalia kwa darubini ya zamani ya jeshi niliona wekundu kwa mmoja au wawili. Dume mwenye pembe hakujaribu. Mvua ziliporudi, majani mabichi yakawa kila mahali, na hakuna swala aliyetaka tena habari za mahindi makavu.

Mke wangu alikuja kuangalia siku moja, akaona nyani wanavyotafuna. "Mzee," akasema, "posho ya watoto wa shule unawapa nyani?" Bei ya mahindi kabla ya mavuno mnaijua. Sikuwa na jibu la maana.

Huyo pundamilia ndiye aliyenikosesha usingizi zaidi ya nyani. Fundi anashauri dawa yoyote ya kunyunyizia, na kwa wengi wetu hiyo ni amitraz. Amitraz ni mbaya kwa jamii ya farasi, inawafunga matumbo, na ni dawa ambayo chupa yenyewe inakataza kwa farasi. Pundamilia ni jamii hiyo hiyo. Yaani ungeiweka stendi hii bwawani kwa nia njema ya kusaidia swala, na ungeokota pundamilia aliyekufa, na mlango wa kwanza kugongwa na askari wa hifadhi ungekuwa wako. Kwenye tangazo pundamilia amechorwa akitabasamu kihorini.

Halafu kuna hesabu. Kule Marekani wanashauri kifaa kimoja kwa kila ekari 50 hivi. Maili moja ya mraba, kipimo ambacho huku tunapimia ardhi, ni ekari 640. Ni stendi 13, milioni nane na laki nane na ushee, bila punje moja ya mahindi. Na hata huko kwao wapo maofisa wanaogombana na kifaa hiki, kwa sababu kuwakusanya kulungu kwenye kihori kimoja kunaeneza ugonjwa wao wa kukonda usio na tiba. Sisi wa Kiruhura tunaojua karantini ya miguu na midomo, soko limefungwa na maziwa yanamwagwa, sidhani tunahitaji kuelezwa maana ya nyati, ngiri na ndama kulamba bati moja.

Wapo watakaosema Afrika imeshafanya. Ni kweli, kule Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipaka pofu na nyati flumethrini kwa kifaa kinachoitwa Duncan Applicator, na kupe walipungua kwa wanyama hao. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mtaalamu anayejua ni mnyama gani anakuja na dawa ipi imo. Tofauti na bwawa langu ambalo halina bawabu.

Kinachofaa kwa kupe wa swala nakiona kwa ng'ombe mwenyewe. Huko Laikipia, Kenya, kwenye ranchi ambazo ng'ombe na wanyamapori wanachunga pamoja, watafiti walikuta kwamba ng'ombe wakinyunyiziwa dawa barabara na mara kwa mara, kupe wanapungua hata kwenye majani yenyewe. Ng'ombe anapita, kupe aliyekuwa akimsubiri pundamilia anamdandia yeye, anakufa. Ng'ombe wako mia wanaotembea kutwa ni stendi mia zisizohitaji mahindi, na kisheria ni wako. Sharti ni moja, kwamba unyunyiziaji uwe wa kweli. Amitraz ya asilimia 12.5 ni mililita 40 kwenye bomba la lita 20, pimwa kwa kikombe, si kwa kifuniko cha soda. Na ng'ombe mzima anahitaji lita 10 hivi mpaka dawa imdondoke tumboni. Mashamba mengi ninayoyajua bomba moja linamaliza ng'ombe kumi, wanalowa mgongo tu, kupe wa masikioni na chini ya mkia wanatazama. Kwa laki sita na themanini unajenga krashi ya magogo, yaani njia nyembamba ya kumbana ng'ombe, unanunua bomba la pili, na chenji inabaki ya dawa.

Kuhusu ufundi wenyewe. Bati la pipa ni zito kuliko nilivyotarajia na halijapata kutu. Nondo ni imara. Vihori vimekatwa vizuri, kingo zimekunjwa, hakuna mbuzi aliyechanika mdomo. Uchomeleaji wa miguu ni wa haraka haraka, yangu nimeirudishia kwa fundi wa Sanga. Roli ndizo dhaifu. Ni za duka la rangi, manyoya yake yananyonya dawa nyingi mwanzoni na yanalala baada ya muda, na mbuzi wanayatafuna. Zilizokuja nazo hazikumaliza msimu. Karakana haiuzi za akiba, unaambiwa nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, na ukienda unakuta mashimo hayalingani na nondo, inabidi uzungushie mpira wa tairi la baiskeli. Maelekezo ya matumizi ni karatasi moja ya Kiingereza yenye picha ya pundamilia yule yule. Simu wanapokea, na waliponiahidi kibati kipya cha mlango wa punje walikileta kwa bodaboda siku hiyo hiyo.

Nimesikia sasa wanatengeneza ndogo ya mbuzi tu, kihori kimoja na roli mbili, kwa bei ya chini. Sijaiona. Kama kifuniko chake kina mteremko na miguu imechomelewa kuzunguka, hiyo ndiyo ningenunua leo, na ningeondoka karakana na roli sita za akiba zilizojaribiwa kwenye nondo zake mbele yangu kabla sijatoa pesa.